Wanyama Aliowagundua Edinah Nabwile

Mwaka wa 2004, kwa muda wa miezi michache, Edinah Nabwile wa Kabuchai aligundua wanyama wa kale wengi kuliko mtafiti yeyote aliyewahi kukanyaga miteremko ya Mlima Elgon. Hakuwa na nyundo wala kofia ya jua. Aliwagundua akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka mjini Kitale, kikombe cha chai pembeni, vidole vyote kumi juu ya kibodi. Wanyama hao walikuwa na kasoro moja tu: hakuna hata mmoja aliyewahi kuishi.

Habari hii husimuliwa na Edinah mwenyewe, tena huisimulia vizuri zaidi nyumbani kukiwa na mgeni. Mumewe Levi akijaribu kuipunguza makali, humkatiza: "Wacha, Mwalimu. Usiniokoe. Hukuniokoa wakati ule."

Kabla ya mambo hayo alikuwa sekretari katika ofisi ya wakulima wa miwa mjini Bungoma, na alikuwa na jambo moja la kujivunia: alipiga chapa bila kutazama vidole. Aliweza kumpa mgeni pole za msiba huku barua ya meneja ikiendelea kutoka bila kosa. Ofisi ilipofungwa, majivuno yake hayakufungwa nayo. Alirudi Kabuchai, akafuga kuku, akapanda mboga, kuku wakala mboga, na kila jioni akawaambia watoto kwamba mtu mwenye kasi kama yake hawezi kukaa bure. Levi, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliendelea kusahihisha madaftari bila kuinua kichwa. Edinah alijua anachofikiri, na hilo ndilo lililomfanya asome kila tangazo lililobandikwa posta ya Bungoma, mpaka akakutana na lile lililosema mradi wa utafiti mjini Kitale unatafuta mtu wa kuingiza habari kwenye kompyuta.

Alidhani ni utafiti wa mahindi. Kitale, kwake, ilikuwa mahindi na ng'ombe wa maziwa basi. Alivaa suti yake ya kijivu, akafika kwenye nyumba ya zamani yenye mabati mekundu, akaingia sebuleni na kukuta rafu kutoka sakafuni hadi darini, zote zimejaa mawe.

Aliyempokea alikuwa mwanajiolojia, Daktari Jepkosgei, mwanamke mrefu mzaliwa wa Endebess, amevaa buti zenye tope kana kwamba ametoka kukamua.

"Hizi ni nini, Daktari?" Edinah aliuliza.

"Mifupa," Jepkosgei akasema. "Ilikuwa mifupa. Sasa ni mawe."

Edinah akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akilishuku jambo hilo siku nyingi.

Jepkosgei akamweleza kazi. "Unajua lile ghala la mahindi pale Moi's Bridge? Mkulima wa huku analeta gunia lake, wa kule analeta lake. Sasa fikiria yamemwagwa pamoja na hakuna mtu ameandika. Utajua ni ya nani? Ni ya msimu gani? Sisi tunajenga ghala kama hilo, lakini ndani ya kompyuta. Linaitwa databesi. Watafiti wa nchi nyingi wanaweka vitu vyao humo, na sisi vyetu. Kila mfupa unaandikiwa jina la mnyama, mahali ulipotoka, na tabaka lake, yaani ulilala kwenye udongo gani, na udongo gani ukaja kuufunika. Mtu akiwa Uhindi anataka kujua mamba wa zamani waliishi wapi, anafungua tu, anaona wa kwao na wa kwetu."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Wewe unajaza magunia."

Akapewa ukurasa wa kujaribu. Edinah aliumaliza huku akitazama nje dirishani kwa makusudi, na akapata kazi.

Mwenzake kazini alikuwa mzee Wakoli, mtunza stoo, mtu wa Bungoma kama yeye, aliyekuwa amekwisha kuwabeba wajukuu. Vibandiko vilivyogundishwa kwenye mifupa viliandikwa kwa wino uliofifia na mikono ya watu waliokwisha kustaafu au kufa. Wakoli peke yake ndiye aliyeuzoea mwandiko ule. Kwa hiyo ikakubaliwa kwamba Wakoli atavuta droo, atashika jiwe, atasoma kwa sauti, naye Edinah ataandika. Kisha Jepkosgei akaenda zake korongoni juu ya Endebess, kuchimba.

Hapo ndipo akili za Edinah zilipoanza kufanya kazi, na yeye husema laiti zingepumzika.

Asubuhi ya kwanza, kabla hawajaanza, mzee Wakoli alitazama mawingu akasema, "Nabwile, reo mvua inakuja mapema. Funga dilisha." Chai ilipoletwa, akaionja akasema, "Hii haina sukali, bana."

Edinah akatabasamu ndani kwa ndani. Alikuwa anaifahamu sana hali ile. Chuoni Eldoret mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya darasa aseme "lori refu la rangi ya urujuani" mpaka machozi yakamtoka, na alihitimu akiamini kwamba amepona kabisa. Sasa akawaza: huyu mzee atanisomea majina ya Kilatini, majina ambayo hata Mungu huenda huyatazama mara mbili. Kila penye "r" atasema "l", na kila penye "l" atasema "r". Mimi nisipokuwa macho, ghala la dunia litajaa takataka. Basi dawa ni rahisi. Akisema hivi, mimi naandika vile.

Hakumwambia. Aliona ni heshima kutomwambia. Kumsahihisha mzee wa rika la baba yake mbele ya mifupa haikuwa adabu. Bora vidole vimsahihishe kimyakimya.

Wakoli akavuta droo ya kwanza, akavaa miwani, akashika kipande cha taya. Alisoma polepole mno, akilikata jina vipande kama anayepasua kuni. "Pro. Con. Sul." Huyo alikuwa jamaa wa kale wa nyani, asiye na mkia.

Edinah akaandika: Ploconsur.

"Dor. Ca. The. Ri. Um," akasoma Wakoli. Huyo alikuwa kama paa mdogo.

Edinah akaandika: Dolcathelium.

Kompyuta haikumkatalia. Ilimuuliza kwa upole: jina hili halimo, uliongeze? Edinah akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena kwa jina lililofuata, akabonyeza tena. Alianza kuwahurumia wazungu. Databesi nzima ya dunia, na majina yote haya hawakuwa nayo.

Walipofika kwa mamba, Wakoli akasoma, "Cro. Co. Dy. Lus," na vidole vya Edinah vikasita. Jina hilo lilifanana mno na lile la Kiingereza analolijua. Akaliacha kama lilivyosomwa. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kujiuliza swali. Badala yake aliwaza: hapa mzee amepatia kwa bahati.

Basi wakaenda hivyo, droo baada ya droo, kwa mwendo ambao Edinah aliuona wa ajabu. Kilichojazwa kilirekodiwa kwenye sidii, kikapelekwa Nairobi, na huko kikaunganishwa na ghala la wote.

Nyumbani Kabuchai sifa zilimtangulia, kwa sababu alizituma mwenyewe. Akina mama wa kanisani walipokutana alisimama, bila kuombwa sana, akawaeleza kwamba kazi yake inasomwa kila bara. Peris, mwenyekiti wao, akauliza swali lililokuwa kwenye nyuso za wengi: "Dada, hao wanyama wenu, waliingia safina ama hawakuingia?"

"Hiyo itatafutwa kwa databesi," Edinah akajibu, akaketi. Husema hadi leo kwamba hajawahi kutoa jibu la kijinga kwa sura ya kisomi kiasi kile.

Kisha ikaja barua pepe. Jepkosgei akiwa korongoni, Edinah ndiye aliyekuwa akifungua barua za mradi. Hii ilitoka kwa profesa mmoja wa Hispania ambaye hawakuwahi kumsikia. Aliandika kwa unyenyekevu mkubwa. Alisema amekuwa akifuatilia habari mpya kutoka magharibi mwa Kenya kwa mshangao unaoongezeka. Aliuliza kama huyu Ploconsur ameelezwa popote katika maandishi, maana yeye hajamwona. Vilevile Dolcathelium, na wengine, akawataja. Alisema hajapata kuona eneo dogo namna ile lenye aina mpya nyingi namna ile, na kwamba ameshawaweka kwenye ramani anayoandaa kwa wanafunzi wake.

Mtu mwingine angesikia kengele. Edinah alisikia makofi. Aliichapisha ile barua, akaikunja vizuri, na Ijumaa akashuka nayo hadi Bungoma, ambako Levi alikuwa amekuja kununua chaki. Akampa aisome wamesimama nje ya duka.

Levi akaisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo. "Mama Bilha," akasema, "huyu mtu anauliza."

"Anasifu."

"Naona alama za kuuliza nyingi."

"Ni vile Wahispania huandika," Edinah akasema, akaikunja barua yake.

Jumatatu alimjibu profesa. Husema kwamba hapo alivuka mpaka, maana kosa la kwanza lilikuwa la masikio, lakini hili la pili lilikuwa la kichwa. Aliandika kwa niaba ya ofisi, kwa Kiingereza chake bora cha wakulima wa miwa, akimshukuru kwa kupendezwa kwake, akimthibitishia kwamba wanyama waliotajwa wanapatikana kwa wingi katika eneo letu, na kwamba droo bado ni nyingi, asubiri mazuri zaidi.

Jepkosgei aliporudi kutoka korongoni, alifungua barua pepe kabla hajavua buti. Edinah, aliyekuwa ameandaa uso wa kupongezwa, alimwona akisoma, akisimama, akitembea hadi dirishani, akirudi na kusoma tena. Kisha Jepkosgei akamwita mzee Wakoli.

"Mzee, naomba unisomee ile taya ya juu pale. Edinah, andika, kama kila siku."

Wakoli akavaa miwani. "Pro. Con. Sul."

Vidole vya Edinah vikafanya vilivyozoea. Jepkosgei alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama kioo cha kompyuta.

"Edinah, mzee amesema nini?"

"Amesema Proconsul."

"Na wewe umeandika nini?"

Edinah akasoma alichoandika. Hata wakati huo, husema, bado alijiona yuko sawa. Alikuwa anasubiri tu nafasi ya kueleza faraghani. Akanong'ona, "Daktari, unajua sisi watu wa Bungoma, hizi herufi mbili. Mzee huzibadilisha. Kwa hiyo mimi nikawa nazirudisha mahali pake."

Nyumba ile haikuwa na dari nzuri na mnong'ono ulisikika hadi stoo, sembuse pale kwa mzee. Wakoli akavua miwani.

"Kumbe ulikuwa unanirudisha," akasema.

"Mzee, si hivyo."

"Mimi nilienda kwa Daktari wiki moja kabla hujaingia hapa. Nikamwambia, haya majina yatanishinda, nifundishe. Nikawa nasema nikienda nyumbani, nasema nikirudi. Mke wangu alidhani nimeingia dhehebu jipya." Akaifuta miwani kwa shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Chai naweza kuharibu. Sukali naweza kuharibu. Lakini hii nilikuwa nasoma sawa."

Hapo ndipo aibu ilipomfika Edinah, na haikupitia kwa profesa wala kwa dunia nzima inayotazama. Ilipitia kwa yule mzee aliyejifundisha Kilatini njiani akienda kwake, wakati yeye, aliyejiona mstaarabu, alikuwa akimsikia asichosema. Aliomba msamaha. Wakoli akasema, "Ni sawa," kwa namna ya mtu ambaye si sawa, akaenda kupanga droo ambazo zilikuwa zimepangwa.

Kwa kutaka kusaidia, Edinah akatoa wazo. Kompyuta ina amri ya kutafuta na kubadilisha. Si iambiwe tu igeuze kila "l" iwe "r" na kila "r" iwe "l", mambo yaishe?

Jepkosgei alimtazama. "Na mamba? Na Elgon iliyoandikwa sawa? Si utatupatia Ergon?" Kisha akasema taratibu, "Edinah, naomba utoe mikono kwa kibodi kidogo."

Hakufukuzwa. Jepkosgei alisema waziwazi kwamba lawama ni yake pia, kwa kuacha kazi iendeshwe kwa masikio bila mtu wa kulinganisha. Akamwandikia profesa barua fupi ya kweli. Kisha akaamuru kila rekodi ipitiwe upya, jiwe kwa jiwe, na safari hii wabadilishane: Edinah asome kibandiko, mzee Wakoli akae mbele ya kioo ahakikishe.

Wakoli hakuzungumza naye siku kadhaa isipokuwa mambo ya kazi. Alibonyeza kibodi kwa kidole kimoja, akaandika majina yote kwa herufi kubwa kwa sababu aliona ndivyo yanavyostahili, na Jepkosgei alilazimika kumsihi aache. Edinah alisimama kando ya droo, akajifunza mwandiko wa wafu, akasoma.

"Dolcatherium," akasoma asubuhi moja.

Kidole cha Wakoli kikasimama hewani. "Nabwile. Soma tena."

"Dolcatherium."

"Ni 'r'."

"Si ndiyo nimesema."

Wakoli akageuka kwenye kiti kile cha kuzunguka, akamtazama juu ya miwani. Edinah akakitazama kibandiko. Akajaribu mara ya tatu, polepole, akajisikia mwenyewe. Ile "l" ilikuwa pale, imekaa raha mustarehe, kama haijawahi kusikia habari za chuo cha Eldoret.

"Lori refu la lan..." alijaribu, akaishia hapo.

Mzee Wakoli alianza kucheka kwa mabega kwanza, bila sauti. Kisha akalazimika kuvua miwani. Edinah alicheka pia mpaka akaketi chini kati ya droo, na Jepkosgei akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo walizungumza, na kila jina gumu lilisomwa na wote wawili kwa pamoja, kama waumini wanaosoma zaburi.

Profesa alijibu. Alikuwa ameshawaonyesha wanafunzi wake ile ramani, na walipojua ukweli walimcheka yeye. Aliomba wamtumie maelezo ya kosa lenyewe, kwa sababu hata kwake kuna watu wanaosomeana kwa sauti. Wajenzi wa databesi nao waliifanyia marekebisho. Jina jipya halikuingia tena kwa kubonyeza ndiyo. Lilisubiri mtu wa pili alikague. Lakini Ploconsur hakufutika kabisa. Kuna waliokuwa wamenakili habari zile mapema, na kwa miaka kadhaa mtu akitafuta vizuri alimkuta mahali fulani, peke yake, makao yake magharibi mwa Kenya, kama jamaa aliyekosa kualikwa harusini na bado akafika.

Mwaka uliofuata kulifanyika mkutano Nairobi wa watu wanaojaza rekodi kama zile, na Jepkosgei akamtuma Edinah aeleze. Alitaka kukataa. Alisimama mbele ya watu, suti ile ile ya kijivu, akaanza na wanyama wake. Ukumbi ulicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Kisha bwana mmoja wa nchi jirani akainua mkono, akakiri kwamba yeye aligeuza namba za ramani na kuwazika tembo wake wote katikati ya bahari. Mwanamke mwingine alikuwa ameandika tarehe ya kuokotwa kwa mfupa mahali pa umri wake, hivyo akawa na kiboko wa kale aliyekufa mwaka wa 1968. Chakula cha mchana kikachelewa kwa sababu kila mtu alikuwa na lake.

Aliporudi Kitale alimwambia Jepkosgei kwamba yuko tayari kuendelea na droo zilizobaki, ila ana ombi. Ameandika maelfu ya matabaka na hajaona hata moja.

Jepkosgei akawachukua, yeye na mzee Wakoli, hadi juu ya Endebess, wakapita mashamba ya mahindi na maboma ya ng'ombe, wakashuka korongoni. Aliwaonyesha ukuta wa udongo wenye mistari: wa kijivu ulikuwa majivu ya volkano, wa kahawia matope ya mto uliopita pale kabla ya kuwapo mtu wa kuupa jina, na juu yake kokoto zilizoletwa mto ulipofurika. Edinah aliuweka mkono kwenye ule mstari wa kahawia. Ulikuwa baridi. Maneno aliyokuwa akiyapiga kwa kasi, bila kutazama, yalikuwa pale yamelala moja juu ya jingine, kila moja mahali pake, nayo hayakuwa na haraka hata kidogo.

Akarudi nyuma hatua ili auone ukuta mzima, kisigino kikateleza, akaketi kwa kishindo kwenye tope.

"Usisimame kwanza," Jepkosgei akasema. Akainama, akachokoa kando ya nyonga ya Edinah kwa ncha ya kisu, akatoa jino jeusi la kung'aa, dogo kama punje ya hindi. "Mamba. Umekuwa ukimkalia."

Mzee Wakoli akalipokea jino kiganjani, akaligeuza kwenye mwanga. "Hii ndiyo ya kwanza umepata kweli, Nabwile," akasema. "Kwa matako, lakini ni yako."

Jioni Levi alimwona akiingia na sketi imeganda tope nyuma, akauliza ameanguka wapi. Edinah akamwambia ameanguka mtoni. Levi akasema huko juu hakuna mto. Akamjibu kwamba ulikuwepo, ila yeye Edinah amechelewa kidogo kuufikia, akaenda kutafuta ndoo na sabuni.